Mtama wa Peke Yake

"Ulisema ndege watagawana, Sixbert. Wamegawana na nani? Nioneshe shamba la pili la mtama Kerege hii."

Mama Klementina alikuwa juu ya dungu, kombeo mkononi, sauti imemkauka kwa kuamia ndege. Akiwafukuza kwelea huku, wanatua kule. Masuke yamebaki kama miba ya samaki aliyepita mdomoni mwa paka.

Sixbert alisimama chini, helmeti kwapani. Hata shikamoo hakutoa.

"Mama, mvua imekata, mahindi ya watu yamekauka yote. Wako umesimama. Si nilikwambia mtama unastahimili?"

"Jua umelistahimili. Mdomo wa ndege je?"

Shufaa, jirani mwenye mahindi yaliyoungua, alikuwa anapita na ndoo. "Mama Klementina, shuka upumzike bana. Hao wageni wako washakuwa wenyeji."

Sixbert akacheka naye.

Huyu Sixbert kazi moja haijawahi kumkalisha. Kule Mbegani alibeba barafu ya samaki, akaacha eti mikono inanuka. Kule Dunda akaendesha bodaboda mpaka akaingia mtaroni na abiria. Kulima hakupendi, anapenda kusikilizwa. Ukaja mradi unatafuta kijana mwenye mdomo, awashawishi watu wanaolima kwa mvua wapande mtama badala ya mahindi. Wakampa fulana na pikipiki. Kwenye mafunzo walimweleza vizuri tu: mtama haulimwi na mtu mmoja. Mkilima wengi, ndege wanatawanyika, mnaamia kwa zamu. Akilima mmoja, kawapikia.

Alizunguka nyumba kwa nyumba. Watu wakamwambia mtama chakula cha kuku. Wageni wa mradi nao wanakuja kuona shamba, na shamba halipo. Ndipo akaenda kwa Mama Klementina, mjane wa mwalimu wa misheni, mtu wa bara asiye na ndugu pale.

"Na majirani?" mama aliuliza siku ile.

"Wote wamekubali. Umebaki wewe tu, unaturudisha nyuma."

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakamsifu Sixbert, wakaondoka.

"Ungeniambia kweli ningepanda mihogo yangu," mama alisema sasa. "Nitakula nini?"

Macho ya Sixbert yalikuwa pembeni mwa shamba, kwenye masuke machache yaliyofungwa vipande vya kanga.

"Yale ya nini?"

"Mbegu. Na uji, nikizidiwa. Usiyaguse."

Akaenda akafungua kanga moja. Suke limejaa, jekundu, zito. Moyo wake ukatulia. Mchana ule alikuwa na darasa la wakulima Mbegani, na tangu asubuhi alikuwa anawaza ataonesha nini.

Akatoa kisu.

"Sixbert. Mwanangu, hayo ndiyo mazima yaliyobaki."

"Watu wa Mbegani hawaamini maneno, mama. Lazima waone."

Mama aliweka jiwe kwenye kombeo. Sixbert aliliona, akaendelea kukata. Kundi la kwelea likashuka upande wa pili, mama akageuka, jiwe likaenda kwa ndege. Kushuka asingeweza, akishuka tu, na zile punje chache ambazo ndege hawajazimaliza zinaliwa.

Sixbert akayafunga masuke yote kwenye pikipiki, vitambaa vya kanga akaviacha chini.

"Na hao wa Mbegani wakikuuliza majirani, utawaambiaje?" mama akauliza kutoka juu.

"Kwamba Kerege wote wamekubali," alisema, akavaa helmeti, akawasha pikipiki. Darasa lilikuwa linamsubiri.