Mtaro Tuliochimba Nyuma ya Jiwe la Mjomba

Nilipomaliza shule ya usiku pale Kitale, kichwa changu kilikuwa kizito kuliko magunia mawili ya mahindi. Mchana nililima shamba la mzungu, jioni nikafundishwa kusoma, hesabu, na kuchimba mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo. Cheti nilikikunja mara moja tu, kisije kikachoka.

Likizo ya kwanza nikapanda kwa mjomba, juu ya Cheptais. Nyumba yake iliegemea mlima, na juu yake palikuwa na jiwe kubwa kama kanisa. Nyuma ya jiwe alilima mahindi, na kila mvua udongo wake uliteremka bila kuaga.

"Mjomba, tuchimbe mtaro pale, maji yasimame."

"Yasimame nyuma ya jiwe? Baba yangu aliyafungulia njia yaende zake."

"Kwani baba yako alisoma wapi?"

Akacheka, akachukua jembe. Mpwa aliyesoma hakataliwi. Tulichimba siku tatu mtaro ambao, niliwaambia majirani, ng'ombe angeogelea ndani yake.

Kabla sijaondoka mvua ikaja, ikanyesha siku tisa. Hata vyura walitafuta pa kujikinga. Mtaro ukajaa, nami nikapiga makofi. Siku ya tisa asubuhi mke wa mjomba alirudi na mtungi kutoka chemchemi iliyokuwa chini ya jiwe. Maji yale, safi siku zote, yalikuwa mekundu kama chai.

"Si haya yametoka na udongo wa ndani ya mlima? Tuondoke."

"Mama, ni mvua tu, bana."

Alifungua mbuzi, akamshika mumewe mkono, wakatoka. Nikawafuata nikicheka, ati nawasindikiza wazee waoga.

Hatukuwa tumefika mbali. Maji niliyoyasimamisha yalikuwa yamezama kwenye ufa nyuma ya jiwe, yakageuza udongo kuwa uji, na jiwe likakosa pa kukanyaga. Lilishuka na vichaka vyake vikiwa bado vimesimama, likakaa juu ya nyumba kama kuku juu ya mayai.

Siku hizi mjomba anaishi Misikhu, kwenye tambarare, katika shamba la shemeji yake. Hajanilaumu hata kwa neno moja. Mvua ikianza, hugeuza kiti chake kuelekea mlimani, ingawa mawingu yameufunika.

"Mpwa wangu, wewe uliyesoma," huniuliza, "haya maji yote yanaenda wapi?"

Anauliza kweli, bila kejeli. Nami, bingwa wa maneno Kitale nzima, hutazama ndani ya kikombe changu.