Goti la Kushoto la Bi Shenaz

Gakii alikuwa mtu wa kuogopa barua. Bahasha ya kahawia ikipenya mlangoni kwake Tottenham, aliiacha sakafuni hadi jioni, maana viza yake ilishikwa na mwajiri, na mwajiri akimwacha, London nayo imemwacha. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka minne, na usimcheke.

Kazi yake ilikuwa katika kliniki ya binafsi ya mifupa, nyuma kidogo ya Edgware Road. Mgonjwa akipewa mkanda wa goti, Gakii aliiandikia bima namba ya kifaa, kisha herufi mbili za kuifafanua: RT kwa kulia, LT kwa kushoto. Herufi zikikosewa, bima hukataa. Upande aliusoma kwenye fomu, ambapo pamechorwa mtu, na daktari amepaka penseli goti linalouma.

Jumatano asubuhi Bi Shenaz, mama mzaliwa wa Mombasa anayekaa Stanmore, alifika dirishani akichechemea. Alikuja kuchomwa sindano ya goti.

"Mwanangu, hawa bima waniambia mkanda wangu ni wa goti la kulia. Langu laniuma la kushoto!"

Gakii aliitazama fomu, akaliona kosa. Fomu za zamani zilimchora mtu kwa mgongo, kushoto kwake ni kushoto kwako. Mwezi huu zililetwa mpya, mtu amekuelekezea uso, na yeye akaendelea kusoma vilevile. Wagonjwa ishirini na watatu, wote kawageuza!

"Nitaangalia, Bi Shenaz. Kaa kidogo."

Kumbe Bhanu, msimamizi wake, amesikia. Bhanu alikulia Kisumu na Kiswahili hakijamtoka. "Gakii, lete files zote za this month. Nataka kuziona before lunch."

"Sawa, Auntie."

Hapo akili ikamruka. Alijiona yuko uwanja wa ndege na sanduku lake. Badala ya kusema, alivuta droo, akatoa kifutio, akafuta goti la kushoto la Bi Shenaz na kupaka la kulia, ili fomu ikubaliane na herufi zake. Kifutio kiliacha doa kwenye karatasi. Zilibaki ishirini na mbili. Akainama kutafuta ya pili kwenye kabati.

Alipoinuka, ile ya kwanza haikuwapo mezani. Nesi ameshaipeleka chumba cha sindano, na kiti cha Bi Shenaz ki kitupu.

Akinyamaza, hakuna atakayejua kwamba fomu ilibadilishwa. Wazo hilo lilimjia zima zima, na aliona aibu kwamba lilimjia. Kisha akakimbia.

Daktari Magloire, aliyeshika zamu ya mwenzake siku hiyo, alikuwa ameshapaka dawa goti la kulia. Bi Shenaz, mtu asiyembishia daktari, amefumba macho akisoma dua.

"Doctor, stop! Si hilo! Fomu nimeibadilisha mimi."

Sindano ikarudishwa kwenye trei. Bi Shenaz akafumbua macho, akavuta nguo kufunika magoti yote mawili, akamtazama Gakii. Hakumwita mwanangu.

Bhanu alikuwa amemfuata mbio na sasa amesimama mlangoni. Aliichukua fomu, akaielekeza kwenye mwanga, akaona palipofutwa. Akajikalisha kwenye kiti cha wagonjwa.

"Files niliziitisha kwa ajili ya zile herufi tu," alisema polepole. "Tuzi-correct. Bima wanakubali, ni email moja tu, mimi na wewe tungemaliza kabla ya chai. Last year mimi mwenyewe nilikosea forty."

Gakii alinyoosha mkono kuichukua ile fomu; Bhanu hakuiachia.

"Lakini hii, Gakii," Bhanu alisema, na macho yake yamelowa, "hii lazima niipeleke kwa wakubwa."