Komeo la Chumba cha Kashi

Wifi yangu Dwarka aliolewa akiwa na miaka tisa, akafiwa na mume akiwa na kumi na miwili, akanyolewa kichwa kama wajane wetu wote wa Kihindu. Baba yake, mkwe wangu, ambaye mji mzima wa Wai ulimwona kapotoka, akampeleka Pune kusomea udaktari. Alirudi na cheti, mkoba mweusi na kipara kilekile.

Wake wa Waislamu walimwita, na wa wafumaji pia. Sisi Wabrahmani, watu wa tabaka la juu, hatukumwita. Kwetu mjane ni nuksi penye uzazi. Mtoto akianza kuuona uso wake, haishi. Mtaani walisema Dwarka kasoma miaka yote ile aje kupima homa za mbuzi. Yeye alicheka nao. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na nikajiona mwema.

Kisha mdogo wake, Kashi, akaja kujifungua mimba ya kwanza kwao, kama ilivyo ada. Siku ya pili ya uchungu, adhuhuri, mkunga akatoka kalowa jasho: umetangulia mkono. Dwarka alikuwa ameshanawa, kasimama mlangoni.

"Mama, mtoto kakingama tumboni. Niache nimgeuze."

"Umgeuze au umzike? Mume wako si ulimmaliza wewe?" Mama mkwe akaniangalia. "Ingia ndani, tia komeo."

Nikatia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikimwogopa yule mama kuliko kifo, tena kifo cha mwenzangu. Dwarka alikaa chini nje, akimwelekeza mkunga kupitia mlangoni. Mkunga hakuthubutu. Kashi alimwita dada yake mpaka sauti ikakauka. Kabla jua halijazama, yeye na mtoto walikuwa wamekwisha.

Miaka minne baadaye, mimba yangu ya pili, nami ukatangulia mkono. Nilimwambia mama mkwe atoke, Dwarka aingie. Alitoka, akampisha mlangoni.

Maziwa yaliyobandikwa jikoni yalikuwa hayajachemka binti yangu alipolia. Dwarka akamfuta uso, akamtazama sana.

"Wa Kashi naye alikaa hivihivi, wifi."

Hakusema kwa kunilaumu. Heri angenilaumu. Nilimpokea mwanangu kwa mkono uleule uliotia komeo, nikalia, na wanawake wa nje wakadhani ni furaha.