Gari Lililoinama Kushoto

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na natanguliza hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza kwanza nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na kula kiazi kimoja. Basi. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, siku ukipita Natta nitafute, nitakuonyesha godoro.

Niliondoka Tarime asubuhi moja bila mpango. Ndivyo ninavyoishi. Shule niliiacha mapema kwa sababu sikuweza kukaa kwenye dawati wakati nje kuna barabara, nami nataka kujua inaishia wapi. Nimebeba magunia, nimechota mchanga, nimepaka rangi nyumba za watu Sirari. Nikizoea mahali, miguu huanza kuwasha. Asubuhi hiyo iliwasha. Nikachukua begi langu, nikamwachia mwenye nyumba ufunguo, nikafuata upande ambao ukungu ulikuwa mzito zaidi.

Sikufika mbali. Mwisho wa mji, kwenye gereji ya Fundi Okoth, niliona gari jeusi aina ya saluni limesimama juu ya sakafu ya saruji. Gari la kifahari, refu, linang'aa, la aina ambayo kwetu huonekana siku za harusi kubwa. Ukungu ulikuwa umefunika matairi, likaonekana kama linaelea. Nikasimama kutazama. Wewe usingesimama?

Fundi Okoth, mtu mnene aliyejifunza ufundi ng'ambo ya mpaka, huko Migori, alikuwa akilizunguka kwa hasira.

"Hii sakafu nimeipima na maji," alikuwa anasema. "Iko sawa. Springi mpya, shokapu mpya, bushi mpya. Sasa angalia hii kitu."

Nikaangalia. Nyuma upande wa kushoto gari lilikuwa limeinama. Si sana, ila kama umewahi kuona gari likiwa na mtu mmoja nyuma, ungeelewa.

"Labda springi ya kushoto ni mbovu," nikasema.

Akanigeukia. "Wewe ni nani?"

"Mpita njia."

"Basi si upite?"

Sikupita. Akaendelea kana kwamba mimi ndiye niliyemwomba maelezo. "Springi nimezibadilisha nafasi. Ya kulia nimeipeleka kushoto, ya kushoto kulia. Inainama huko huko."

Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, mwanamume wa makamo mwenye shati jeupe, ameshika blanketi lililokunjwa vizuri. Aliitwa Wambura. Kwao Natta, lakini kazi yake ilikuwa Mwanza. Hakuonekana kushangaa gari lake kuinama.

Nikauliza wanalifanyia nini gari zuri namna ile. Okoth akanieleza, maana fundi akipata msikilizaji hasira hupungua. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa mbio, akalikalisha chini kwa springi fupi ngumu, likawa linakata kona vizuri lakini kila shimo unalisikia kwenye meno. Wambura akalipeleka kwa fundi mwingine, akaliwekea springi laini. Likawa laini, naam, ila likifika kwenye kona linalala kama ng'ombe mwenye mimba.

"Sasa bosi anataka vyote viwili," Okoth akasema. "Kwenye kona isimame, kwenye shimo ikanyage kama paka. Nimempa shokapu za gesi za kumeza mishtuko, hazipumui hata kidogo, unakaza na kulegeza hapa juu kwa skrubu. Nimeweka chuma kinene cha kuzuia isilale. Matairi nimempa yenye nyama. Hii gari sasa hata ukipakia yai halitavunjika. Lakini inainama, na mimi jina langu liko hapo."

"Mama yangu hukaa kushoto nyuma," Wambura akasema polepole. "Hapendi kurushwa. Na gari likiyumba anatapika."

Okoth akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayepima gunia. "Wewe mpita njia, unaenda wapi?"

"Popote."

"Kaa kulia nyuma. Utaiweka sawa."

Nikaingia. Niamini, gari lilikaa sawa kabisa, fundi akapiga makofi. Wambura akaniambia anakwenda Natta kwa njia ya Mugumu. Nikasema basi na mimi naishia Mugumu, kuna mabasi ya Musoma, na Musoma sikuwa nimeiona. Nilidhani mama yake tutamchukua njiani.

Sijui nikueleze vipi safari ile. Umewahi kuota unaruka, si juu sana, usawa wa majani tu? Ndivyo ilivyokuwa. Barabara ile ina vipande vya vumbi vilivyojikunja kama bati, na kwa basi watu hufika matumbo yamehama. Sisi tulikuwa tunapita juu yake kama mkono unavyopita juu ya kitambaa. Nilikuwa naona mashimo yanakuja, nashika kiti, halafu hakuna kitu. Gari linashuka kidogo, linapanda kidogo, linatulia. Kwenye kona halikulala hata chembe. Ukungu ulikuwa unapanda kwenye vilima, mawe makubwa yakichungulia na kupotea, na wanawake wenye majembe walikuwa wakitupungia mkono kana kwamba wanatufahamu.

"Mama, tumeacha mji," Wambura akasema.

Nikadhani yuko kwenye simu. Kitambo kidogo baadaye akasema, "Mama, hapa ni Nyamwaga." Kisha, "Mama, yale ni mashamba ya ndizi." Alikuwa anamtajia kila kitu, kwa upole, kama unavyomweleza mtu ambaye macho yake yamechoka.

Nikageuza shingo kushoto. Mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu. Blanketi lilikuwa limetandazwa, na chini ya blanketi ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea.

"Kaka," nikasema, "Mama tunampitia wapi?"

Akaniangalia kwenye kioo. "Umekaa naye."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilisema, "Shikamoo, Mama." Si kwa ujasiri. Ni kwamba nilikuwa nimekaa karibu saa nzima kando ya mtu mzima bila kumwamkia, na nikaona aibu kabla sijaona hofu.

Wambura akanisimulia akiwa anaendesha, macho barabarani. Msimu wa mvua uliopita alimchukua mama yake Tarime alikokuwa akiuguzwa, akimrudisha nyumbani. Gari wakati ule lilikuwa bado na zile springi ngumu. Kila shimo mama alishtuka, akasema, "Polepole, mwanangu." Naye akaenda polepole, lakini ugumu ni ugumu. Walipovuka mto Mara, kwenye kona yenye kokoto, mama akanyamaza. Walimzika Natta, nyumbani kwake, kama inavyopasa. Ila tangu siku hiyo gari linainama.

"Hajashuka," akasema. "Nadhani anaogopa kipande cha njia kilichobaki. Ndugu zangu wananicheka, wanasema ningenunua gari la juu, lisilogusa mashimo. Lakini yeye yumo humu. Safari lazima ianzie ilipoanzia, ipite ilipopita, na safari hii asiumie. Akifika hajaumia, atashuka kwake."

Tukafika mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda taratibu. Baada ya daraja nikaiona kona yenye kokoto. Wambura alipunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili. "Mama, ni hapa," akasema.

Gari likaingia kwenye kona. Halikulala. Kokoto zikalia chini kwa mbali, kama mvua kwenye bati la jirani. Kisha ikaja ile sehemu iliyochimbika, tukapita juu yake, na nikasikia kando yangu pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo kichwani. Usiniambie ilikuwa shokapu. Okoth mwenyewe alishasema za gesi hazipumui.

Wambura aliisikia pia. Alifuta uso kwa mkono wa shati na kuendesha hadi Mugumu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu, au nilipotengeneza, hata leo sijui.

Mugumu alisimama karibu na stendi. Basi la Musoma lilikuwa linanguruma, kondakta anapiga bati. Nikamshukuru Wambura, nikafungua mlango, na kabla sijashuka nikageuka kwenye kile kiti, nikasema kama anavyosema abiria yeyote aliyelelewa vizuri: "Haya, Mama, mimi nimefika. Karibu."

Gari likapanda.

Nililiona nikiwa na mguu mmoja chini. Upande wa kushoto uliinuka taratibu, kama mtu mzima anavyoinuka, kwanza kidogo, kisha wote. Ngozi ya kiti ikajaa. Mkanda ukalegea. Gari lote likakaa sawa bila mimi ndani yake.

Wambura akatoka, akalizunguka, akaweka kiganja juu ya tairi la nyuma. Kisha akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile.

"Umemwambia nini?"

"Karibu tu, kaka. Kama mtu yeyote."

Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, shati jeupe na yote. "Tulimlilia," akasema. "Tulipika, tulichinja, tulisema pumzika, tulisema kwa heri. Neno karibu hakuna aliyelisema. Nyumba ile ni yake. Yeye ndiye hukaribisha watu. Nani angemkaribisha kwake?"

Akajaribu. Akafungua mlango wa kushoto na kusema, "Mama, karibu, twende nyumbani." Gari halikutikisika. Akarudia, tena bure. Na mimi, niamini, nilihisi pembeni yangu kitu kama kivuli cha mti, ubaridi mdogo, na harufu ya moshi wa kuni kwenye khanga. Alikuwa amesimama na mimi. Mgeni husimama na aliyemkaribisha, si ndiyo?

Kondakta akaita, "Wewe mwenye begi, unapanda au unaaga mji mzima?"

Wambura hakunibembeleza. Alibaki ameushika mlango tu, kama mtu aliyebeba kitu kizito hawezi kukitua na hawezi kwenda nacho. Alikuwa ametengeneza gari zima, chuma kwa chuma, amfikishe mama yake bila maumivu, na mimi nimemshusha stendi. Nikafikiria Musoma, ziwa, barabara nyingine baada ya hapo. Kisha nikafikiria yule mama akipanda nami kwenye lile basi, akirushwa.

Nikarudi ndani ya gari. Nikasema, "Mama, karibu tupande." Upande wa kushoto ukashuka, taratibu, gari likakaa sawa.

Tulifika Natta jua likiwa limekaa chini, ng'ombe wanarudi, vumbi jekundu limetanda kama pazia. Nyumba ilikuwa ya bati, ina miwa mbele. Dada yake Wambura, Robi, alitoka jikoni akifuta mikono. Aliona gari, akaona wanaume wawili, akaja hadi mlangoni.

"Sema kama ulivyosema," Wambura akaninong'oneza.

Nikashuka. Nikasimama mlangoni pa nyumba nisiyoijua, nikasema, "Mama, tumefika. Karibu ndani." Nyuma yangu nikasikia springi zikipumzika. Wambura akaegemeza paji la uso kwenye bodi ya gari, akalia kama mtoto, bila kujificha. Robi akaingia ndani na kurudi na viti viwili. Kimoja akanipa mimi. Kingine akakiweka kando yangu, kushoto, akakifuta vumbi kwa khanga yake.

"Utalala chumba cha Mama," akaniambia. "Kitanda kipo."

Nikasema nitalala siku moja tu.

Gari lile sasa liko sawa. Wambura huja nalo likizo, linakata kona na kupita mashimo kama upepo, na halijainama tena. Ila mimi bado niko Natta. Hujawahi kuona mtu kama mimi akikaa mahali pamoja hivi. Nimejaribu kuondoka, usidhani sijajaribu. Mara ya kwanza nilipanda bodaboda kwenda Issenye, na kabla hatujafika mbali dereva akasimama, akatazama tairi la nyuma. "Kaka, umepakia nini? Mbona pikipiki inakaa chini hivi?" Nikatazama mbele, nikaona njia yote ile mbaya iliyobaki, nikamwambia anirudishe taratibu, asikanyage mashimo. Kwa maana nikitoka, anatoka. Nikikaa, yuko nyumbani kwake. Basi nimekaa. Nafanya vibarua kwenye kambi za watalii, jioni narudi. Robi huweka viti viwili.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa kudandia magari ya watu. Ukipewa lifti, shukuru, shuka, nenda zako. Usikaribishe kiti kabla hujakitazama. Na kama umeshakaribisha, andaa nafasi kitandani upande wa kushoto, maana mimi kila jioni nikilala, godoro huanza kubonyea pembeni yangu, polepole, kama mtu mzima anavyokaa, nami husogea kidogo na kumwambia, "Mama, tumefika."