Mama wa Kibanda cha Vyura

Mtunza vyura wa kibanda cha kufugia vyura huko Bocas huongea kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye mtoto wake amelala chumba cha pili. Hanawi kwa sabuni kazini, maana sabuni huwadhuru vyura. Husuuza mikono kwa maji ya mvua, kisha huinamia mimea na kuchungulia vidimbwi vidogo vilivyotuama kwenye makwapa ya majani, pale yanapoungana na shina. Kila kidimbwi kina kiluwiluwi mmoja, aliyeletwa na mama yake mgongoni. Mama huyo, chura mwekundu asiyezidi ukucha wa dole gumba, hurudi kila baada ya siku chache kumtagia mwanawe yai la kula.

Mwezi huu mama mmoja hakuonekana siku tisa. Kiluwiluwi wake akakonda, na mtunza vyura akawa hapiti pale bila kusimama. “Mama, si tumpe chakula kingine?” aliuliza Nereida, msaidizi wake mpya. “Nimempa kiini cha yai la kuku, mwanangu. Hakukigusa. Tutulie tu, huenda tunamtisha mama yake.” Alhamisi, mvua ilipokatika, chura mwekundu alichomoza kwenye majani makavu, akapanda mmea, akaingia majini kinyumenyume. Kiluwiluwi akatetemeka mwili mzima, akiomba chakula. Yai likatoka. Mtunza vyura akajikalia kwenye sakafu iliyolowa, bila kujali sketi yake, akashusha pumzi. “Ulikuwa wapi, wewe mwanamke?” alimuuliza chura. Nereida akakaa kando yake, na wote wawili wakamtazama mtoto akila.