Funda la Kabla ya Kamba

Daftari lenyewe bado ninalo. Jalada limetafunwa na panya upande mmoja, na ndani kuna mwandiko wangu wa darasa la saba, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Siku hizi nauza mchele Kagongwa, na mtu akinikuta hawezi kujua niliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Kuna siku hata mimi sina hakika. Nafungua daftari, ndiyo naamini.

Lilitoka kwa binti mmoja wa chuo aliyekuja kambini kwetu, upande wa Bugarama, kufanya utafiti wa ulevi. Tulidhani amekuja kutuhubiria, tukajiandaa kumcheka. Hakuhubiri. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniomba kwa mwezi mmoja niandike kila siku nilichokunywa na saa niliyokunywa. Karatasi yake ilikuwa na picha ya chupa na picha ya glasi, uweke alama. Nikamweleza kwamba sisi hatuna chupa wala glasi, kibuyu chetu ni kimoja na kinazunguka. Alifikiri kidogo, akazikata zile picha kwa kalamu.

"Basi hesabu mafunda, baba."

Sijui kama aliruhusiwa kuikata karatasi ya watu. Ila alinisikiliza, hilo nimwandikie.

Tulikuwa watano. Tukitoka kazini tulikaa nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kwa mama mmoja aliyepika pombe ya mtama. Wapika pombe wanasemwa vibaya, na sisemi wanaonewa wote. Lakini yule alitulisha ugali siku ambazo hatukupata kitu, na aliyeanza kuyumba alimnyima. Kibuyu hakikuwekwa chini mpaka kiishe. Aliyeshuka shimoni siku hiyo ndiye aliyefungua, na ukikipitisha bila kunywa ilikuwa kama kusema huwaamini wenzako, nao ndio watakaokushikia kamba kesho. Nakumbuka harufu ya mtama uliochacha, vumbi jeupe kwenye kope za kila mtu, na ubishi usiokwisha juu ya ng'ombe wa nyumbani. Nikisema sivitamani nitakuwa mwongo.

Nilipoanza kuhesabu walinipa cheo. Kibuyu kikinifikia, mmoja anawaambia wanyamaze, karani yuko kazini. Mwingine anakohoa, kisha anauliza kama kikohozi nacho kinaandikwa. Aliyecheka kuliko wote ni mwenzangu wa kamba. Yeye ndiye alikuwa anashuka kwenye duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, na mimi nilikuwa juu kwenye winchi ya mkono, namshusha na kumpandisha. Tulifanya hivyo miaka mingi. Aliniita nkoi, yaani rafiki kwa Kisukuma, hata mbele ya mkewe.

Mafunda ya jioni hayakunitisha. Kumi, kumi na mawili, sawa na wenzangu. Kilichonitisha ni mstari wa kwanza wa kila ukurasa. Binti alitaka saa, na mimi nikiambiwa niandike, naandika. Saa kumi na moja alfajiri, gongo, mafunda mawili. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya pili, matatu. Nilikuwa na chupa ndogo chini ya godoro, na sikuwahi kukuita huko kunywa. Nilikuwa naamka mikono inatetemeka, nikimeza hayo inatulia, naenda kushika winchi. Niliyahesabu kama dawa.

Jumapili moja nilizisoma kurasa zote kwa mfululizo. Hapakuwa na siku hata moja niliyomshusha mwenzangu kwa mikono isiyo na gongo.

Jumatatu niliiacha chupa pale pale, nione. Niliposhika mpini wa winchi ulianza kugonga chuma, kama meno ya mtu mwenye homa. Yeye alishajifunga kamba, mguu mmoja umeingia kwenye duara.

"Usishuke, nkoi. Mikono yangu haikuwezi."

Nilitegemea anitanie. Aliutoa mguu, akakaa ukingoni, akaiangalia mikono yangu.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nilikuwa naisikia kwenye kamba."

"Na bado ulikuwa unashuka?"

"Ningemwambia nani anishushe?"

Siku hiyo hakushuka mtu.

Binti nilipomsimulia hakunipongeza. Aliniuliza nimekunywa lini mara ya mwisho, akanionya nisikate ghafla peke yangu, maana mwili uliozoea unaweza kukupiga degedege. Akanipeleka hospitali. Nilipewa vidonge, muuguzi akawa ananiangalia kwa siku kadhaa, kisha kila wiki nikawa nakaa na watu wengine wenye shida yangu, tunazungumza. Tulikaa kwa duara kama kule nyuma ya karasha, kibuyu tu ndicho hakikuwepo. Aliyerudia pombe hakufukuzwa. Mimi nilirudia mara moja, imo kwenye daftari.

Mwishoni binti aliniuliza ni nini hasa kilichonisaidia. Inaweza kuwa vidonge, au daftari, au yale maneno ya ukingoni. Nikamwambia aandike yote, akaandika.

Mwenzangu alipata mtu mwingine wa winchi, na mpaka leo anashuka. Hajaanguka. Wala kwangu hakuwahi kuanguka, kwa hiyo siwezi kudai nilimwokoa. Pengine nilimpotezea tu mtu wa kamba aliyemzoea. Akija Kagongwa kununua mchele tunakaa mbele ya banda langu, tunakunywa soda, kila mtu na chupa yake. Juzi ya kwake iliisha mapema, nikampa yangu. Alipiga funda moja, akanirudishia mkononi. Hakuiweka chini.