Nilijitia Mja Mzito Nipate Kabini

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia katikati ya habari, halafu ukajilaumu.

Jina langu sitaji. Wanangu na wajukuu zangu wanasoma gazeti hili, na yuko mmoja anayeitwa jina la huyo niliyemkosea. Nitamwita Bi Zuhura, ingawa si jina lake. Alikuwa mke mwenzangu, yeye mkubwa, mimi mdogo, pale Lindi, enzi za Mwingereza.

Nimekaa na siri hii tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Leo hata meno sina. Jamani, imenichosha!

Mume wetu alikuwa akinunua ufuta kule Rondo na kuuza mjini. Alikaa na Bi Zuhura miaka tisa hawakupata mtoto. Ndugu zake wa Kilwa wakamsema, wakamsema, mwisho akanioa mimi. Na Bi Zuhura, kwa mkono wake, ndiye aliyenitandikia kitanda siku ninaingia nyumbani mle.

Alikuwa mtu wa kijijini Kikole, mkulima, mwili mkubwa, kicheko kikubwa. Mimi mtoto wa mjini, nimesoma mpaka darasa la nne, najiona! Alikuwa akinitania, "We mwali, hata kuni unazishika kwa ncha za vidole. Zitakung'ata?" Kisha anazichukua anapasua yeye. Sikumbuki siku niliyolala na njaa kwa sababu yake, wala siku aliyoninunia.

Basi mwaka mmoja ufuta ulikubali. Mume wetu akarudi nyumbani uso umechangamka, akasema meli ya mwambao itapita Lindi kwenda Kilwa, na baada ya siku nne itarudi. Tutakwenda sote watatu, kutembea tu, kuwaona wakwe na kula upepo. Loo! Mtaani kwetu hapakuwa na mume aliyewahi kuwapeleka wake zake matembezi kwa meli. Majirani walijua habari hiyo kabla hatujamaliza kula.

Akatupeleka sote wawili ofisi ya meli tuchague wenyewe. Karani wa pale alikuwa na miwani na haraka nyingi.

"Daraja la pili imebaki kabini moja, vitanda viwili," akasema. "Mkitaka na chakula cha mezani, ipo. Mkitaka bila chakula, ipo, mtabeba chenu. Wa deki analala juu huko, na mkeka wake na chungu chake. Haya semeni, watu wanangoja nyuma yenu."

Mume wetu akafikiri, akasema kitanda kimoja chake. Cha pili, kwenda atalala Bi Mkubwa, kurudi atalala mdogo. "Nisije nikaulizwa mbele ya Mungu," akasema. Akamwambia karani atarudi kesho kukata tikiti.

Haki tupu. Nani angeikataa? Mimi.

Mimi niliitaka ya kwenda. Kurudi Lindi nani atanitazama, watu wananijua tangu nachezea mchanga! Kilwa ndiko kwa wakwe. Mawifi wangekuja ufukweni kutupokea, na nilishaambiwa kwamba wa kabini hushuka kwanza, kwa ngazi nzuri ya mbao yenye pa kushika, wakapanda mashua ya kwanza. Wa deki hungoja mpaka mwisho, kisha huteremka kwa ngazi ya kamba na mizigo yao. Nilitaka mawifi wanione mimi katika mashua ya kwanza, kanga mpya, nimekaa ubavuni mwa kaka yao. Hilo tu. Naona haya hata kuliandika.

Jioni ile tumekaa tunakula, nikasema, "Mimi deki sitaweza. Mwezi wa pili huu sijaona siku zangu."

Uongo! Siku zangu nilikuwa nimezimaliza juma lile lile.

Mume wetu akaacha tonge hewani. Akamtazama kwanza Bi Zuhura, masikini, anaogopa kufurahi mbele yake.

Niliuona mkono wa Bi Zuhura ukienda tumboni, chini ya kanga, ukakaa pale kidogo, akautoa. Niliona kwa macho yangu mawili! Nikadhani ni uchungu wa mtu asiyezaa, na moyoni nikasema, leo nimempata. Astaghfirullah.

Halafu akacheka, akanivuta akanibusu utosini. "Hongera mdogo wangu! Basi kabini ni yako, kwenda na kurudi. Mgongo wangu mimi umezoea jembe, mbao za meli zitaufanya nini?"

"Una hakika?" mume wetu akamuuliza.

"Baba, kakatie mwenzangu tikiti. Na chakula cha mezani, asije akatapika muhogo wetu wa kuchoma."

Siku ya safari tulipelekwa kwa mashua hadi ilipotia nanga meli. Kabini ilikuwa na shuka nyeupe na kidirisha cha mviringo, na kengele ikilia unaitwa kwenye supu, na mkate una siagi. Nilikula kila kitu. Mume wetu alipanda deki mara mbili kumtazama mwenzangu, akarudi akisema amepata pahala karibu na magunia, anawachekesha watu.

Baada ya magharibi mvua ikaanza, meli ikayumba. Mume wetu alikuwa chumba cha kulia, anazungumza na abiria wenzake. Nikasikia sauti mlangoni.

"Nampelekea mdogo wangu tangawizi na ndimu. Ana kichefuchefu, ana mimba changa."

"Wewe ni wa deki," mtumishi wa meli akamjibu. "Huku hupiti."

"Mpe wewe basi, baba. Mimi narudi."

Mimi nipo hapo, ubao mmoja tu kati yetu. Ningeita tu, "Dada!" angeruhusiwa kuingia japo ajipanguse maji. Sikuita. Nikavuta shuka nikajitia usingizi, kwa sababu nilijua akinitazama usoni ataona sina kichefuchefu chochote. Mtumishi akaingia, akaweka mezani kile kifurushi cha kitambaa. Kilikuwa kimelowa chapachapa.

Asubuhi tukafika Kilwa. Nilishuka kwa ile ngazi ya mbao, mume wetu mbele yangu, mashua ya kwanza. Nikapata nilichokitaka! Mawifi walipiga vigelegele, na mume wetu alipowanong'oneza habari ya mimba walinishika wakaninyanyua nisilowe miguu.

Sanduku langu nilikuwa nimeliacha melini. Mwenye mimba habebi, sivyo? Bi Zuhura alisema atalileta yeye.

Tukiwa ufukweni tukaona watu wa deki wanateremka. Bi Zuhura alijifunga kibwebwe, robota lake kichwani, sanduku langu mkono mmoja, mkono mmoja kwenye kamba. Wimbi likainua mashua. Akakosa pa kukanyaga, akaanguka na kile kiuno chake kizito juu ya ukingo wa mashua, sanduku likamfuata.

Watu wakacheka. Naye akacheka, akapunga mkono kwamba hajaumia. Na mimi nikacheka. Ee Mola wangu, nilicheka!

Siku zile nilizungushwa nyumba hadi nyumba, napewa hiki naonjeshwa kile. Bi Zuhura siku ya pili alisema tumbo linamsokota, huenda ni pweza wa jana. Alilala chumba cha uani siku nzima. Wifi mmoja akasema, "Mwacheni, kijicho hicho kinamuuma." Nikamsikia, nikaendelea na halua yangu.

Kurudi, mimi kabini tena, yeye deki tena. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilimuuliza, akanijibu ni bahari.

Uongo wa mimba una shida yake, kwamba tumbo lazima liote. Tulipokaa Lindi wiki tatu, nikaona sasa nitafanyaje? Siku moja mume wetu yuko Rondo nikachafua kanga kwa damu ya kuku, nikajilaza nikalia. Nikamwambia Bi Zuhura imetoka.

Hakuniuliza swali hata moja. Aliifua ile kanga. Akachemsha maji, akanikanda. Akanipikia uji wa mtama wenye pilipili manga, asubuhi na jioni, siku saba, ananinywesha mwenyewe. Kila nikitaka kuinuka ananirudisha kitandani. "Tulia. Mwili hujui umepita wapi."

Siku ya saba alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli mkononi. Akasema polepole, na yeye si mtu wa kusema polepole.

"Mdogo wangu, nikwambie jambo usimwambie mtu. Na mimi nilikuwa nayo."

"Ulikuwa na nini, dada?"

"Mimba. Tulipokwenda kwa karani ilikuwa inaingia mwezi wa tatu. Miaka tisa! Nilikuwa naficha kwa macho ya watu, mama yangu aliniusia nisiseme mpaka tumbo lijionyeshe. Imetoka kule Kilwa. Nimekizika kile kiumbe peke yangu, nyuma ya kile chumba cha uani, penye mpapai."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema siku ile?"

Akatabasamu, wallahi alitabasamu. "Wewe umeshasema. Na mimi ningesema, si mngeona naiga kwa wivu? Nani angeniamini, mtu wa miaka tisa? Nikaona wewe ndiyo kwanza, hujui kitu, bora ulale pazuri. Basi, tumefiwa sote wawili."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, sote wawili tu ndani. Nikasema, "Pole, dada." Nikamaliza uji.

Bi Zuhura hakushika mimba tena maishani mwake.

Mimi nilizaa watano. Wote aliwabeba yeye mgongoni, binti yangu wa kwanza nikampa jina lake, nikidhani nitapata nafuu. Mume wetu akafariki, tukabaki wawili nyumba ile ile, vikongwe, tunagombana juu ya chumvi na kucheka.

Na kila Alhamisi baada ya magharibi alikuwa akiinua mikono kuwaombea wafu wetu. Anawataja wazazi wake, wangu, mume wetu. Mwisho anasema, "Na watoto wetu wawili wale, wa kwangu na wa mdogo wangu, waliokwenda pamoja." Kila Alhamisi! Na mimi nimekaa pembeni yake naitikia, "Amin." Nimemwitikia amin kwa damu ya kuku maisha yangu yote.

Mwaka jana akaugua ugonjwa wake wa mwisho. Nikasema sasa, kabla hajaondoka, lazima. Nikamshika mkono, "Dada, ile mimba yangu ya safari ya meli..." nikashindwa, nikaangua kilio.

Akanifuta machozi kwa kidole gumba, hana nguvu. "Usilie, we mwali. Si ndiko ninakokwenda? Wa kwako nitamtafuta nimshike mkono, nimwambie mama yako yuaja."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Haya, dada."

Akafa siku ya pili yake. Sijui kama mimba yake ilitoka kwa ile mvua, au kwa lile sanduku langu, au ilikuwa imeandikwa tu. Mkunga mmoja aliniambia mimba nyingine hutoka hata mtu akilala kitandani. Labda. Lakini mwenye kulala kitandani nilikuwa mimi, na tumbo langu lilikuwa na supu tu.

Wanangu, dada zangu, mnaonisoma: usijitie msiba ambao hukufiwa, wala furaha ambayo hukuipata, ili upewe nafasi ya mwenzio. Hujui naye amebeba nini chini ya kanga yake. Na kama umeshafanya, nenda leo, yu hai, mwambie. Akupige kofi! Mimi kofi hilo nalitamani mpaka kesho.

Alhamisi sasa nainua mikono peke yangu. Nawataja wazazi, mume wetu, Bi Zuhura, na mtoto wake wa penye mpapai. Nikifika kwa yule wa pili nanyamaza, nakumbuka kuna mtu anamtafuta huko.